Vidole vya mama vimevimba: je, ni upepo wa kusi?

SWALI: Assalam alaikum, daktari. Mama yangu husuka mikeka hapa Langoni, Lamu. Ni miezi mitatu sasa vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na asubuhi hawezi kushika ukili mpaka saa nzima ipite. Majirani wasema ni upepo wa kusi. Hospitalini kaambiwa ni baridi yabisi, askari wa mwili wamemgeukia, kapewa methotrekseti mara moja kwa wiki. Kwa nini asimeze kila siku apone upesi?
Binti, Langoni

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Kwanza kabisa: asimeze kila siku. Dawa hii huzuia seli zinazozaliana kwa kasi; ikimezwa kila siku huzima uboho unaotengeneza damu, na mgonjwa aweza kufa. Chagueni siku moja, tuseme Ijumaa, muiandike kwenye pakiti. Vidonge vingi ni vya 2.5 mg, hivyo dozi ya 10 mg ni vidonge vinne. Lakini viko vya 10 mg pia, basi soma kila pakiti mpya. Asidi foliki ya 5 mg humezwa siku nyingine, kupunguza vidonda vya kinywani.

Kusi haileti ugonjwa huu. Ndani ya kiungo mna utando mwembamba unaotoa ute wa kukilainisha. Seli T, miongoni mwa hao askari wa mwili, ambazo kazi yake ni kumtambua adui, huuona mwili wenyewe kuwa adui. Huziamsha seli B, zinazotoa kingamwili, yaani protini za kumnasa adui (ndizo zinazotafutwa kwenye kipimo cha anti-CCP), pamoja na makrofeji, seli kubwa zinazomeza vijidudu, ambazo humwaga kemikali iitwayo TNF. Hiyo huita seli nyingine, utando ukanenepa na kutambaa juu ya gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, kisha huchochea osteoklasti, seli zinazomumunya mfupa. Mfupa uliolika haurudi kama ulivyokuwa. Diklofenaki ya duka la dawa hutuliza maumivu tu huku mfupa ukiendelea kuliwa, na ikizoewa huumiza tumbo na figo.

Nafuu ya methotrekseti huja baada ya wiki 6 hadi 12. Wengi huiacha kabla, na hapo ndipo viungo hupotea. Apimwe damu na ini kila wiki chache mwanzoni. Akipata homa, vidonda kinywani au kukosa pumzi, asimeze dozi inayofuata, aende hospitali siku hiyohiyo.

Isipomfaa, zipo sindano za kuzuia TNF. Kabla yake ni lazima apimwe kifua kikuu, kwani TNF hiyohiyo ndiyo husaidia kuvifungia vijidudu vyake mapafuni.

Ukili aushike alasiri, vidole vikishalegea.