Seli za mtoto kubadilishwa: je, ni majaribio?

Pole sana dada. Umeandika kwamba leukemia (saratani ya damu) ya mtoto wa dada yako huko Marekani imerudi mara ya pili, madaktari wanataka kumpa tiba ya CAR-T, yaani kubadilisha seli zake za kinga, na shemeji anagoma kusaini akidhani wanamfanyia mtoto majaribio.

Hapana. Tiba hii iliidhinishwa huko Agosti 2017, kwa walio na leukemia ya seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) hadi umri wa miaka 25. Damu inapitishwa kwenye mashine, seli T (chembe nyeupe za kinga) zinachujwa, damu iliyobaki inarudi mwilini. Maabara inazipa seli hizo jeni ya kutambua alama ya CD19 iliyo juu ya seli za saratani, inazizalisha, kisha mtoto anarudishiwa kwa dripu. Kimfuko chenyewe ni kidogo, utashangaa.

Kazi ipo baadaye: homa kali, presha kushuka, hata kuchanganyikiwa. Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kutibiwa hivi, Philadelphia 2012, alifikia mashine ya kupumulia akiwa na miaka 6. Kilichomwokoa ni tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi! Siku hizi hospitali huiweka tayari kabisa.

Kwenye utafiti wa wagonjwa 75, asilimia 81 saratani iliondoka ndani ya miezi 3. Kwa baadhi ilirudi, msifichwe.

Shemeji aulize mawili kabla ya kusaini. Seli B zenye afya, ambazo hutengeneza kingamwili (protini za kupigana na maradhi), nazo hufa, kwa hiyo mtoto atapewa kingamwili kwa muda gani? Na je, baadaye atahitaji kupandikizwa uboho?