Kamba ya Baba Yenye Mafundo: Tumkumbukeje Bwana Afya Wetu?

SWALI

Shikamoo mama. Nakuandikia nikiwa Morogoro, mimi ni mtoto wa tatu kati ya sita na ndo wa kike wa kwanza. Baba yetu katutoka mwezi uliopita. Alikuwa bwana afya, kaanza kazi 1973 akiwa kijana wa miaka 23, kastaafu 2010 alivyofikisha 60, Kilosa, Turiani, Ifakara, Mahenge, kote huko kapita. Siku ya mazishi ukasomwa wasifu, jamani mama, dakika mbili tu. Marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akahamishiwa, akahamishiwa tena, akastaafu, ameacha mjane, watoto 6 na wajukuu 14, basi tukaambiwa tusogee kaburini. Nilikuwa nimesimama pale najiuliza mbona huyu wanayemsoma mimi simjui.

Sasa misa ya arobaini inakaribia na ndugu wameniambia niandike mimi kwa sababu ndo niliyemuuguza. Usiku wa tatu huu nimekaa na daftari halijai. Kaka anataka hela zote ziende kwenye marumaru ya kaburi na fulana zenye picha yake. Baba mdogo naye anasema mbele za watu kwamba kaka yake kafanya kazi serikalini miaka 37 kaacha nyumba haina hata dari, kwa hiyo naogopa kuandika kwamba alikuwa mwaminifu, watu wasije wakaguna. Na ukweli mwingine mama, baba hakuwa mtu wa kukaa nyumbani, mama ndo alitulea, yeye alikuwa vijijini na baiskeli yake. Ila akiwepo, Jumapili jioni anatoa kigoda anakiweka mlangoni penye mwanga, anatukata kucha kwa wembe mmoja mmoja mpaka wote sita tuishe, na hajawahi kumkata mtu nyama. Wiki ya mwisho hospitali, zake nilimkata mimi. Nikiliandika hilo si watasema nimeleta mambo ya kitoto?

Halafu juzi nyuma ya kabati nimekuta kamba yake ya kazi, ina fundo kila baada ya futi moja na jiwe limefungwa mwishoni, alikuwa anaishusha kwenye shimo la choo kupima kama limefika kina. Mama anasema tuitupe, eti ni kitu cha chooni. Nifanyeje?

Binti wa Bwana Afya


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana, Mungu awape nguvu wewe na mama na wadogo zako. Barua yako nimeisoma mara tatu. Naanza na la haraka: kamba msiitupe, ichukue leo leo uiweke kwako, mama atakuelewa baadaye.

Sasa daftari. Unasema halijai, mbona hii barua imejaa? Kigoda, mlango, wembe, watoto sita kwenye foleni, hapo ndo baba yako alipo. Ule wasifu wa mazishini ulitolewa kwenye faili la utumishi, na faili linajua tarehe ya kuajiriwa na vituo vya kazi, halijui kwamba mtu anayeshinda wiki nzima anawaambia watu wa Kilosa habari za uchafu na minyoo akirudi kwake kitu cha kwanza anataka kuona ni kucha za watoto wake. Huo sio utoto. Ile kazi yake na ule ubaba wake vilikuwa kitu kimoja, na wewe ndo unaweza kulisema hilo kwa sababu kucha zilikuwa zako.

Halafu nataka wajukuu wale 14 waelewe bwana afya alikuwa nani, maana vijana wa sasa wakisikia wanadhani ni mtu wa kuja kufunga baa na kupiga faini. Kaanza kazi 1973, wewe unajua ni mwaka gani huo? Ni mwaka wa Mtu ni Afya, ile kampeni ya redio ambayo nchi nzima watu walikuwa wanakusanyika kwa vikundi chini ya mti, redio moja katikati, wanasikiliza, wanasoma kitabu, wanajadiliana malaria, kuhara, safura, kichocho, kifua kikuu, wakimaliza wanainuka na majembe kwenda kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Redio ilikuwa inasema, sawa, lakini redio haiwezi kuja kijijini kwako kuangalia kama shimo umelichimba kweli au umekwangua futi mbili ukaweka magogo juu. Hiyo ndo kazi ya yule kijana wa miaka 23 mwenye kamba. Na kipindupindu kilivyoingia kwa nguvu 1977 kwenda 1978, vijiji vipya vya Ujamaa watu wamehamishwa juzi juzi tu wanaishi kwa kubanana, wale mabwana afya walikuwa hawalali. Muulize mama yako miaka hiyo alikuwa anamuona mara ngapi. Yawezekana kule kutokukaa nyumbani unakokusema kuna majina ya watu ndani yake, watu waliopona.

Sikuambii ufiche kwamba mama ndo alilea. Liandike, tena liandike mbele yake akiwa amekaa kiti cha mbele, kwamba baba aliweza kwenda kwa sababu mama alibaki. Atalia, mwache alie.

La baba mdogo limeniuma, nikwambie ukweli. Hivi nyumba isiyo na dari inakuwaje aibu ya marehemu? Tuliokuwa na akili miaka ya 80 tunakumbuka, mshahara ulikuwa haufiki tarehe 15, sabuni yenyewe ni ya foleni duka la ushirika, na mabwana afya wakawa wanafundisha watu kunawa kwa majivu kwa sababu huwezi kumwambia mtu anawe kwa sabuni ambayo haipo. Sasa fikiria mtu huyo huyo ndo mwenye mhuri wa nyama machinjioni, ndo anaamua hoteli hii iendelee au ifungwe, kila siku kuna mtu anataka kumpa kitu kidogo ili afumbe macho. Angefumba macho, dari ingekuwepo. Usiandike neno mwaminifu kama unaogopa watu kuguna, acha kabisa hilo neno. Tafuta mtu mmoja aliyewahi kufungiwa bucha na baba yako, wapo hao, na mara nyingi ndo wanaomheshimu kuliko wote, mwambie akusimulie siku hiyo ilikuwaje, halafu wewe andika alivyosema. Nani ataguna hapo?

Na hili lifanye kabla ya arobaini, usingoje. Baba yangu mimi alikuwa karani wa reli Tabora, tangu ikiwa Reli ya Afrika Mashariki mpaka jumuiya ikavunjika 1977 ikawa TRC, shirika la reli la Tanzania. Alivyofariki tulishughulika na kaburi, tukashughulika na chakula, nikasema wale wazee wenzake wa stesheni nitawafuata nikipata likizo. Likizo ya kwanza nikaahirisha, ya pili nikaahirisha. Nilivyokuja kwenda wamebaki wawili, mmoja hasikii, mwingine akaniuliza we ni mtoto wa nani nikamtajia baba, akatabasamu, akasema "yule wa taa," halafu akanyamaza hakuendelea. Mpaka leo sijui taa gani. Nina picha ya kaburi zuri la baba na sijui taa gani.

Kwa hiyo kaka yako mwambie marumaru inaweza kusubiri, hata mwaka, kaburi haliondoki. Fulana punguzeni idadi. Hiyo hela nunua vocha na nauli. Panda basi uende Ifakara na Mahenge, sio lazima vituo vyote, viwili vinatosha, ulizia zahanati wakuoneshe wahudumu wa zamani, ulizia kwa mwenyekiti wa kijiji wazee ni akina nani, kaa nao uwashe simu irekodi, na usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani maana watakujibu alikuwa mtu wa watu na hapo itakuwa imeisha. Waoneshe kamba. Wewe itoe tu kwenye mfuko uiweke mezani usikie watasema nini. Walio mbali waombe watume sauti kwenye WhatsApp, kisha zote ziweke sehemu mbili tofauti, simu zinaibiwa.

Ukirudi andika kituo kwa kituo, kila kituo kisa kimoja tu, kurasa mbili zinakutosha kwa misa. Faraja usiitafute kwenye kuandika, andika ulichokiona na ulichoambiwa. Pale pa hospitali ulipomkata kucha, andika kwa sentensi moja halafu ukae.

Jambo la ofisini kidogo kwa sababu najua litakuja. Kama bado hamjaripoti kifo kwenye mfuko wake wa pensheni, karipotini, na ile kadi yake ya benki mtu yeyote asiendelee kutolea hela hata kama namba ya siri mnaijua na hata kama ni za kumnunulia mama dawa, itawaletea kesi. Cheti cha kifo kinatoka RITA, ile ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo, ukoo ukae kikao mteue msimamizi wa mirathi na muhtasari uandikwe, mpeleke mahakamani. Baba mdogo mwiteni kwenye kikao hicho, msimwache nje hata kama kawaudhi, naye kafiwa.

Msalimie sana mama. Ukienda kwake Jumapili hii beba wembe mpya na ukitoe kile kigoda.