Mume wangu alirudi kutoka Kongo, akanitamkia talaka usingizini. Je, imepita?

SWALI: Assalaam aleikum, Shekhe. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Ngarenaro, Arusha. Mume wangu ni askari mstaafu, alipelekwa Kongo kulinda amani. Aliondoka akiwa mtu wa utani na majirani, aliyerudi simjui. Usiku hapati usingizi. Tairi la lori likipasuka barabarani anajitupa chini ya meza, kisha anakuwa mkali kwa kuwa tumemwona. Msikitini ameacha kwenda, anasema hawezi kusujudu huku watu wako nyuma yake. Mwezi uliopita mvua kubwa ilipiga bati usiku, akaamka akanikaba shingo, anaita jina la mwenzake aliyefia huko, kisha anapiga kelele, "Toka! Nimekuacha! Nimekuacha!" Mtoto wetu mkubwa alipowasha taa ndipo akaniachia. Asubuhi hakumbuki chochote. Nilipomwonyesha shingo yangu alilia. Mama mkwe akamwita ustadh mmoja, akasema zimepita talaka mbili, nirejewe, imebaki moja. Akasema pia mume wangu ana jini la msituni, aache vidonge vya hospitali mpaka amalize makombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya Qur'ani. Nilipouliza kama naweza kwenda kwa kaka yangu kwanza, akaniambia nimtazame mke wa Nabii Ayyub, na kwamba mwanamke anayeomba kuachwa ni haramu kwake harufu ya Pepo. Nifanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Binti yangu, nianze na hukumu: wewe bado ni mke wake. Kwa hali uliyoieleza hazikupita talaka mbili, wala haikupita moja.

Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyelala mpaka aamke. Na amepokea Abu Daud kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba hakuna talaka pale mtu alipofungikiwa na akili. Mtu anayemwita maiti wa vitani, mikono iko shingoni mwa mke asiyemtambua, na kukicha hana habari, huyo hakuacha mke. Tena umejuaje kuwa maneno yale alikuambia wewe? Alikuwa akimwita mwenzake aliyekufa. Askari aliyenusurika akimlilia aliyebaki nyuma, "nimekuacha" linaweza kuwa ndilo neno linalomtesa kila usiku. Ustadh alipaswa kumuuliza hilo mwenyewe kabla ya kuhesabu talaka.

Najua alikoegemea. Ni ile Hadithi ya mambo matatu ambayo kusudi lake ni kusudi na mzaha wake ni kusudi: ndoa, talaka na rejea. Tunaikubali. Lakini mwenye mzaha ni mtu mwenye akili zake, amechagua neno akalichezea. Anayeweweseka hakuchagua kitu. Na akisema kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi talaka ya mwenye hasira inapita, hilo nami ndivyo nilivyosomeshwa, ila ni hasira ya mtu anayejua anachokitamka. Talaka ya aliyelala haipitishwi na madhehebu yoyote kati ya manne. Kumwambia mama wa watoto watatu kwamba amebakiwa na talaka moja, bila kumsikiliza mume, ni kuichezea ndoa ya Waislamu, na mwenye kutoa fatwa hiyo ataulizwa mbele ya Mola wake. Isipokuwa kama lipo neno jingine la talaka alilolitamka akiwa macho na akili zake, hilo lina hukumu yake, na nitalitazama nikikutana naye.

Sasa habari ya jini. Majini tunayaamini, na kumsomea mgonjwa Qur'ani ni Sunna. Msomee Ayatul Kursiyyu kila usiku bila kuchoka. Ninachokataa, na nakikataa kwa nguvu zote, ni hii tabia ya kumbandika jini kila anayerudi vitani akiwa amebadilika. Vijana wetu Kongo hawakwenda kutalii. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, wakauawa askari wa Tanzania wasiopungua 14 na wengine wengi wakajeruhiwa. Anayeona mambo kama hayo kisha asipate usingizi, mnamtafutia jini la nini? Wazee wetu waliorudi kutoka vita vya Kagera 1979, wako ambao mtaa mzima uliwaita walevi au wakorofi, na hakuna aliyewauliza waliona nini.

Maradhi haya ya akili yanayomfuata mtu aliyepitia kitisho kikubwa madaktari wanayaita PTSD, na wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa kizungu. Kweli, madaktari wa Marekani waliupa jina lake rasmi mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Lakini Qur'ani inawaeleza Masahaba siku ya Handaki kwamba macho yalikodoka na nyoyo zikapanda kooni, na hao ndio watu bora wa umma huu. Wahshi alipokuja Madina amesilimu, yeye aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, Mtume (s.a.w.) aliupokea Uislamu wake, kisha akamuuliza kama anaweza kumfichia uso wake. Imo katika Bukhari. Kama kumwona mtu kunaweza kuamsha huzuni katika moyo mtukufu kuliko yote, nani atamwambia mumeo kuwa anashtuka kwa sababu imani yake ni haba?

Kwa hiyo vidonge asiviache. Dawa za namna hii zikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kuharibikiwa zaidi, na daktari aliyemwandikia ndiye anayejua zipunguzwe vipi. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, akawajibu wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Mwenye kuuza makombe kwa sharti la kutupa dawa anabeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Rudini hospitali ya Mount Meru, muulize idara ya afya ya akili, au mteremke hospitali ya KCMC, Moshi. Mwelezeni daktari habari ya shingo, msimfiche. Sehemu kubwa ya tiba yake ni mazungumzo na mtaalamu, wiki baada ya wiki, na inachukua miezi. Asikate tamaa katikati.

Nimefikia kwa mke wa Nabii Ayyub (a.s.), na hapa ndipo niliposikitika zaidi, kwa sababu kisa hiki wanawake wanasomewa nusu yake. Alisubiri na mumewe katika maradhi yake, naam, na Allah amridhie. Lakini Ayyub hakumkaba. Na pale alipoapa kwamba atampiga, kama walivyoeleza wafasiri katika Suratu Swaad, Allah alimwamrisha achukue kicha cha vijiti apigie hicho, kiapo kitimie na mke asiumie. Yaani Mola aliingia kati kumkinga mwanamke na pigo la mume mgonjwa aliye Nabii. Aya hiyo unamsomea vipi mwanamke mwenye alama za vidole shingoni, umwambie arudi akalale palepale?

Na Hadithi ya harufu ya Pepo inamhusu anayeomba talaka bila ya tatizo lolote. Sharti hilo limo ndani ya Hadithi yenyewe, kwa nini waliruke? Habiba bint Sahl alipigwa na mumewe Thabit bin Qays mpaka akaumia, akaenda mlangoni kwa Mtume (s.a.w.) alfajiri, na Mtume hakumrudisha akasubiri, alimwambia Thabit apokee mali yake na waachane. Mlango huo upo. Sikusukumi kuupitia, maana barua yako yote inaonyesha unampenda, na aliyelia alipoona shingo yako naye anakupenda. Nataka tu ujue kwamba ukifika mahali huwezi tena, hujawa mwanamke wa motoni.

Kwenda kwa kaka yako siku za hatari si nushuzi, yaani si uasi wa mke kwa mumewe, na haki yako ya matumizi haipotei. Allah amesema tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizo. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mume haki ya kumpiga mkewe. Kama anakushambulia akiwa macho na akili zake, usiningoje mimi, nenda Dawati la Jinsia la polisi.

Usiku, usimwamshe kwa kumgusa. Washa taa kwanza, simama miguuni mwa kitanda, mwite kwa jina lake, mwambie yuko Ngarenaro, yuko nyumbani. Msimu huu wa mvua laleni vitanda mbalimbali. Hiyo si dhambi kwako, na yeye mwelewesheni mchana, akiwa ametulia, kwamba ni kwa ajili yenu wote. Kama kuna panga chumbani, litoke leo. Na yule mtoto aliyewasha taa, kaa naye umweleze kuwa baba ni mgonjwa na kwamba yeye hakukosea. Mtoto huyo nimemfikiria sana.

Kuhusu msikiti, wanachuoni wametaja hofu na maradhi katika nyudhuru za kuacha sala ya jamaa msikitini. Aswali nyumbani, uswali nyuma yake. Akiwa tayari, aje na wanaochelewa, asimame safu ya mwisho kabisa, mgongo uelekee ukuta. Mimi nitamwambia imamu wa msikiti wenu asiruhusu mtu kumvuta mbele.

Njooni wote wawili baada ya Alasiri siku yoyote isipokuwa Ijumaa, pamoja na karatasi za hospitali. Mama mkwe naye mje naye. Ni mzazi, ana uchungu wa mwanawe, na hilo la makombe nitazungumza naye mimi kwa heshima yake, usibishane naye wewe. Mume akikataa kuja, njoo na kaka yako.

Wallahu aalam.