Kware wamegoma kutaga, na "dozi" ya mama imekatika

SWALI: Daktari, nina kware 12, majike tisa na madume watatu, wa miezi minne. Nilikuwa nikiokota mayai saba au manane kwa siku. Hii ni wiki ya tatu napata mawili, siku nyingine sipati kitu. Kizimba kilikuwa sebuleni, nikakihamishia stoo kwa sababu ya harufu. Wanakula vizuri na hawajakonda. Jirani amenishauri niwatilie antibiotiki kwenye maji. Nina haraka kidogo, maana mama yangu ana kisukari na hunywa mayai matano mabichi kila asubuhi. Sitaki akatize dozi. (Msomaji, Kisauni, Mombasa)

JIBU: Dada yangu, umejijibu mwenyewe pale ulipotaja stoo. Kware hutaga kwa mwanga, na anataka saa 14 hadi 16 kwa siku. Huku kwetu jua linatupa kama saa 12 tu, mwaka mzima. Zile za ziada ndege wako walikuwa wakizipata kwenye taa ya sebuleni, nyinyi mkitazama taarifa ya habari. Tundika balbu ndogo humo stoo, iwake tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, bila kuruka hata siku moja, halafu wape wiki mbili tatu. Kama wanakula chakula cha kuku wa mayai peke yake, ongeza dagaa waliosagwa, kwa sababu kware anataka protini ya asilimia 20 hivi. Na kama dari ya kizimba ni waya mtupu, ishonee gunia kwa ndani. Kware akishtuka huruka wima kama kizibo cha soda, na nimeshashona vichwa vilivyochubuka mpaka mfupa unaonekana.

Hiyo antibiotiki iache dukani. Ndege anakula, hajakonda, shida yake ni giza; unamtibu nini? Mabaki ya dawa hizo huingia kwenye yai, ndiyo maana pakiti huandikwa siku za kungoja kabla ya mayai kuliwa. Jirani hapo hakukusomea. Na mayai hayo ungempa mama, tena mabichi.

Sasa hilo neno "dozi". Mimi ni daktari wa mifugo na kisukari cha mama kina daktari wake, lakini yai ni kazi yangu. Mayai matano ya kware ni gramu 50 hivi, yaani yai moja la kuku. Protini yake ni gramu 13 kwa kila 100, karibu sawa na la kuku. Wauzaji huapa kwamba halina kolesteroli. Gramu 100 za yai la kware zina miligramu 840 hivi, za kuku 370 hivi. Humo ndani hamna kitu kinachofanya kazi ya insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Wanasema pia kware hapati salmonela, wale bakteria wa kuharisha, ndiyo maana watu wanayanywa mabichi. Anapata. Na mgonjwa wa kisukari si mtu wa kufanyiwa majaribio ya kuharisha. Yachemshe mpaka kiini kigande, mama ale kama kitoweo.

Nalisema kwa hasira kwa sababu nililiona likianza. Mwaka 2013 kuingia 2014 kware walikuwa homa Kenya nzima. Yai moja liliuzwa hata shilingi 100, na karatasi za matangazo zilitaja kisukari, presha, pumu, saratani, hata ukimwi. Watu walikopa wakanunua mashine za kutotolea. Bei ilipoanguka mabanda yalibaki matupu, ila zile karatasi zinaendelea kutumwa kwenye simu, safari hii zikiwa na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Juzi mzee mmoja alikuja kwangu kutafuta trei mbili. Nikamuuliza habari za vidonge vyake vya sukari. Akaniambia aliviacha tangu mwezi uliopita, "kwani si nimeanza mayai?"

Yai halikumdhuru yule mzee. Vidonge vilivyolala kabatini ndivyo vilivyokuwa vikimmaliza. Na wewe umenihesabia kware, majike na madume, na mayai ya kila siku. Kama mama bado anameza dawa zake za hospitali, hukuandika.