Vijana na Fursa: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha vijana kilisimamisha ubao wa matangazo kijijini. Mwanzoni watu walijaa, sasa hawausomi. Karatasi zinapauka, mvua inazilowesha, na matangazo ya zamani hayaondolewi. Tufanyeje? (Katibu wa kikundi)

Ndugu Katibu, mvua na jua ni shida ndogo, tuimalize kwanza. Maandishi ya printa ya wino huchuruzika yakipata unyevu. Ya printa ya leza hayachuruziki, kwa kuwa ni unga uliogandishwa kwenye karatasi kwa joto. Kalamu nyekundu hupauka haraka juani, kwa hiyo tumieni nyeusi. Ubao usielekee jua la alasiri, na kipaa chake kitokeze mbele angalau sentimita 30. Ubao wa sentimita 120 kwa 90 hubeba vizuri karatasi kumi za A4, safu mbili za tano tano. Msizidishe, maana karatasi zikipandiana ya chini haionekani.

Shida kubwa ni matangazo yaliyopitwa. Kijana akikuta mara mbili nafasi ambayo tarehe yake imeshapita, harudi tena. Kila karatasi iandikwe juu, kwa herufi kubwa, tarehe ya kubanduliwa. Mtu mmoja ashike zamu ya mwezi mzima, jina lake liwekwe ubaoni, na apite siku ileile kila wiki: abandue kwanza, ndipo abandike.

Tangazo refu msilibandike lote. Liandikeni upya kwa mistari minne: ni nafasi gani, nani anastahili, nini kinatakiwa, mwisho lini. Nakala kamili akae nayo mwenye zamu. Kisha wekeni tarehe mbili, ya waliotangaza na ya kwenu. Ombi likihitaji barua ya utambulisho au sahihi ya kiongozi, hesabuni siku za kumpata, na tarehe ya kwenu itangulie kwa siku hizo na mbili za akiba. Vijana wengi hukosa nafasi wanazostahili kwa sababu ya sahihi iliyochelewa, na hilo linaumiza kwa kuwa linazuilika.

Tena, ubao usiwe wa fursa tupu. Upande mmoja uwe wa habari za kijiji: mikutano, siku za chanjo, vitu vilivyookotwa. Atakayefuata habari hizo ndiye atakayempelekea mdogo wake habari ya mafunzo.

Natuma ujumbe mfupi kwa vijana wenzangu, lakini kila ujumbe unakatwa salio kama nimetuma mitatu. Kwa nini? (Mwenyekiti wa kikundi)

Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande hulipiwa. Ukiweka kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka, ujumbe wote huhamia mfumo mwingine unaobeba herufi 70, au 67 kwa kila kipande. Ujumbe wa herufi 180 wenye kikatuni unakuwa vipande vitatu. Angalia pia alama ya juu katika maneno kama ng'ombe: iliyopinda, ambayo mara nyingi huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye waraka, ina athari ileile. Iliyonyooka haina shida.

Huu una herufi 137: "MAFUNZO YA USEREMALA miezi 3, bure. Umri 18-30. Peleka nakala ya cheti na picha 2 ofisi ya kijiji kabla ya Ijumaa tarehe 14 saa 6 mchana."

Najaza maombi ya mafunzo kwa simu. Mtandao ukikatika naanza upya, na vyeti vinakataliwa kwamba ni vikubwa mno. (Binti aliyemaliza kidato cha nne)

Usijibu maswali ndani ya fomu. Fungua fomu, nakili maswali yote kwenye daftari, funga. Andika majibu kwenye sehemu ya kumbukumbu ya simu bila intaneti, kisha uyabandike mtandao ukiwa mzuri, usiku sana au alfajiri.

Cheti kipige picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, kwa sababu huacha doa jeupe kwenye plastiki. Simu iwe juu yake, sambamba. Picha moja ya simu huweza kufika megabaiti tatu au zaidi, na fomu nyingi hazipokei hivyo. Tumia programu ya kuskani, chagua kijivu badala ya rangi, hifadhi kama PDF. Kabla ya kutuma, kuza uone kama namba ya cheti inasomeka. Ukishatuma, subiri namba ya uthibitisho, na uipige picha.

Angalia sana saa. 6:00 PM ni saa kumi na mbili jioni, wala si saa sita. 12:00 AM ni saa sita usiku inayoanza tarehe hiyo, kwa hiyo "tarehe 10, 12:00 AM" maana yake mwisho ni usiku wa tarehe 9 kuamkia 10.

Mwanangu ameambiwa amepata kazi mjini, lakini atume kwanza pesa ya usajili leo hii. Hajafanyiwa usaili wowote. (Mzazi)

Mzazi wetu, asitume. Kazi bila usaili, pesa kwa namba ya mtu binafsi na haraka ya "leo hii" vikikutana, huo ni utapeli. Vyuo vingine hutoza ada ya maombi kihalali, lakini ada hiyo huwa imetangazwa wazi, hulipwa kwa chuo chenyewe, na hutolewa risiti. Tafuteni namba ya ofisi inayotajwa mahali pengine, si kwenye tangazo hilo, mpige muulize. Asitoe vyeti halisi, wala tarakimu za siri zinazoingia kwenye simu yake. Kama pesa imeshatumwa, pigieni kampuni ya simu sasa hivi muombe muamala uzuiwe. Msifute ujumbe hata mmoja, mtauhitaji polisi.