Kaya 60 Tandale bila orodha: hesabu kaya, usihesabu mapaa

Mdau kauliza: anasoma jiografia ya miji, anatakiwa kuhoji kaya 60 katika mtaa mmoja wa Tandale, Dar es Salaam, kuhusu kodi ya pango na mafuriko, na ofisi ya mtaa haina orodha ya kaya. Aanzie wapi?

Nyumba siyo kaya. Wengi wanaharibikiwa hapo. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati inaweza kubeba kaya tano: mwenye nyumba chumba cha mbele, wapangaji waliobaki mpaka vibanda vya uani. Ukipiga hodi tu, atakayekujibu ni aliyekaa barazani, mara nyingi mwenye nyumba. Fanya hivyo mara 60, utarudi chuoni na data ya wenye nyumba, huku wanaolipa kodi hujawasikia.

Wakazi na wanafunzi waliichora Tandale kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, mwaka 2011, kwa hiyo ramani ipo, ila imepitwa na mambo mengi. Ichape kwenye A3, uzunguke siku mbili na mwenyeji kabla hujahoji mtu. Futa yaliyobomolewa, tenga fremu za biashara, gawa paa lililofunika nyumba mbili. Zipe nyumba namba kwenye karatasi ukifuata vichochoro. Tuseme zimebaki 420: gawanya kwa 60, unapata 7. Andika vikaratasi 1 hadi 7, okota kimoja. Kikitoka 4, nenda nyumba ya 4, ya 11, ya 18, hivyo hivyo. Ukifika, uliza nani wanakula chungu kimoja, orodhesha kaya zote, kisha piga kura ya pili. Idadi ya kaya za nyumba hiyo iandike kwenye fomu, usiiache. Kaya iliyo katika nyumba ya kaya tano ina nafasi ndogo mara tano kuliko inayokaa nyumba peke yake, hivyo kwenye uchambuzi ya kwanza ipe uzito wa 5, ya pili 1.

Usitie alama ya chaki ukutani, hata kama mwongozo wako unasema hivyo. Kwenye bomoabomoa ya bonde la Msimbazi, mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba zilipigwa X nyekundu. Mgeni mwenye ramani anayechora kuta Dar es Salaam anatisha watu, na wana haki ya kuogopa.

Kaya iliyochaguliwa ikikosekana, usimchukue jirani aliyepo. Rudi mara tatu, mara moja baada ya saa 12 jioni na mara moja Jumapili. Wanaoshinda nyumbani saa 5 asubuhi hawafanani na wanaoshinda sokoni.

Vibali anza navyo mapema: barua ya chuo hupita mkoani, wilayani, kwenye kata, ndipo mtaani. Mjumbe akutambulishe, kisha umwombe kwa heshima akupishe. Akibaki hapo anasikiliza, majibu kuhusu mipaka ya viwanja na migogoro ya kodi yanakuwa mafupi na ya adabu tu.

Kwenye maswali, usiulize "unalipa kodi kiasi gani?" Wengi hulipa miezi mitatu, sita au mwaka kwa mkupuo, na utachanganya tarakimu. Uliza: mara ya mwisho ulitoa shilingi ngapi, kwa miezi mingapi? Ugawanye mwenyewe.

Mafuriko nayo usiyapime kwa "mengi" na "kidogo". Taja tukio, mfano mvua za Desemba 2011, kwa waliokuwepo, waonyeshe maji yalifika wapi ukutani, upime kwa futi kamba mara mbili: kutoka sakafuni, na kutoka ardhi ya nje. Watu huinua sakafu na vizingiti baada ya kila mafuriko. Ukipima ndani peke yake, nyumba mbili zilizozama sawa zitakupa vina viwili tofauti, nawe utadhani mwinuko wa eneo ndio uliozitofautisha.