Mwanaume naye apimwe: maswali yenu kuhusu ugumba na wanaouchunguza

Barua za safari hii ni nyingi na nusu yake zinauliza jambo lilelile. Walioandika "nitumie dawa gani nipate mtoto" bila kutaja umri, muda waliotafuta, wala kipimo hata kimoja, wasisubiri jibu hapa.

Niko Senior 6 hapa Mbale, nachukua Biolojia na Kemia. Nataka kuwa mtafiti wa ugumba. Nipitie njia gani, na ni lazima niwe daktari?

Njia ya udaktari inajulikana: miaka 5 Makerere, Mbarara au Gulu, mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa wako, halafu shahada ya uzamili ya magonjwa ya wanawake na uzazi, miaka 3 mingine. Ubingwa wa ugumba wenyewe unaanzia hapo, na wengi huufuata nje ya nchi.

Lakini si lazima, mwanangu. Robert Edwards, ambaye kazi yake ndiyo iliyomleta Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama, duniani tarehe 25 Julai 1978 kule Oldham, Uingereza, hakuwa daktari. Alianza chuo akisomea kilimo, akahamia zoolojia, akamaliza kwa alama ambazo shangazi zako wasingezifanyia sherehe, ndipo akaenda Edinburgh kuchunguza uzazi wa panya. Mwaka 1971 baraza la utafiti wa tiba la nchi yake lilimnyima fedha. Yeye na daktari mpasuaji Patrick Steptoe wakaendelea kwa msaada wa mfadhili binafsi kutoka Marekani. Tuzo ya Nobel ilikuja 2010, Steptoe akiwa amekufa tangu 1988.

Mwenzao wa tatu ndiye ninayetaka umkumbuke. Jean Purdy alikuwa nesi. Alijifunza kazi ya maabara akaimudu, na ndiye aliyekiona kile kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, cha Louise kikigawanyika. Alifariki 1985 akiwa na miaka 39, na bango la ukumbusho hospitalini kule Oldham lilikaa miaka mingi bila jina lake, ingawa Edwards mwenyewe aliomba liwekwe. Nawaambia haya wanafunzi wa udaktari wanaowaita watu wa maabara "wale wa mikojo". Bila wao huna utafiti, una maoni tu.

Jingine: rekebisha hesabu zako sasa hivi. Wengi wanaokwama katika utafiti hukwama kwenye takwimu. Na usije huku kwa kupenda mashine. Kila kijana anayeniandikia anataka kupandikiza viinitete, hakuna anayetaka kujua kwa nini mirija ya uzazi ya dada yake imeziba. Swali la Uganda ni hilo la pili, nitalirudia hapo chini.

Kazi hiyo ina hela?

Hela ziko kliniki. Kwenye utafiti kuna kuandika maombi ya fedha, na mengi hurudi yamekataliwa.

Mimi ni mfanyabiashara Busia. Mke wangu hajashika mimba kwa miaka 3. Nimempeleka kila mahali, vipimo vyote ameshafanya, hakuna tatizo linaloonekana. Ndugu wanasema nioe mwingine. Unanishauri nini?

Wewe umepimwa?

Barua yako ina kurasa mbili na hilo halimo. Takriban katika nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, mwanaume ana sehemu yake katika tatizo, ama peke yake ama pamoja na mke. Mke wako amechomwa sindano, amepigwa picha, ameingizwa vyuma. Kipimo chako wewe ni kikopo kimoja. Ukioa wa pili bila kupimwa, utakuwa na wake wawili wanaoitwa tasa na mama yako, na tatizo liko palepale kitandani.

Kipimo kifanye sawasawa basi. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, si wiki tatu kama mnavyoambiana. Tumia kikopo kisafi cha maabara. Nimewahi kuletewa sampuli ndani ya chupa ya soda ikiwa bado na tone la soda, na nyingine ndani ya kondomu ya kawaida, ambayo ina vitu vinavyoua mbegu kabla hatujaziona. Ukitolea nyumbani, kikopo kiweke mfukoni karibu na mwili, kifike maabara ndani ya saa moja. Tone la kwanza likimwagika, sema. Hilo ndilo huwa na mbegu nyingi zaidi.

Kinachofuata ni mtu na hadubini, macho kwenye miraba midogo ya kioo, kidole gumba kwenye kaunta ya chuma: zinazokwenda mbele, zinazojizungusha mahali pamoja, zilizolala. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha 2021, milioni 16 kwa mililita ndicho kiwango cha chini cha wanaume waliofanikiwa kupata mtoto. Kuwa chini yake hakumaanishi huwezi kuzaa, na kuwa juu si cheti cha ubaba. Majibu yakiwa mabaya, rudia baada ya miezi 3, kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa na malaria ya Machi inaweza kuonekana kwenye kikopo cha Mei.

Habari za kuoa muulize shehe wako. Mimi nimemaliza.

Je, mulondo unaongeza mbegu?

Mzizi huo unasifiwa kwa kuongeza hamu, na hamu si mbegu. Ila wewe unayechoma sindano za homoni ya kiume kule jimu ili kifua kijae, jua kwamba zinazima kiwanda cha mbegu, na kukiwasha tena kunaweza kuchukua miezi mingi.

Nina mtoto wa miaka 8, nilimzaa bila shida. Sasa miaka 5 natafuta wa pili. Wifi zangu wanasema nimerogwa. Mtu aliyeshazaa anawezaje kuwa mgumba? – Mama Aisha, Bombo

Anaweza, mama, na katika nchi hii ni jambo la kawaida kabisa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani, na waliomo humo si wale tu ambao hawajawahi kuzaa.

Nikuulize unachojua mwenyewe. Baada ya kumzaa huyo wa kwanza ulipata homa na uchafu wenye harufu? Je, iliwahi kutoka mimba, yenyewe au kwa mkono wa mtu? Uliwahi kutibiwa kisonono ukapewa vidonge, na baba Aisha hakuvimeza? Maambukizi hupanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, yakaacha makovu. Mrija una nafasi ndogo sana, kovu kidogo linatosha. Klamidia ndiyo mbaya zaidi, maana wanawake wengi wanaoibeba hawahisi chochote.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Vituo vyetu vingi vya afya hutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili: mwenye usaha anapewa dawa, asiye na dalili anarudi nyumbani. Kwa hiyo klamidia inapita mlangoni kila siku ikisalimiwa. Wala si jambo jipya. Hospitali ya Mulago yenyewe ilianza 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipowachunguza wenzi katika mabara mbalimbali, ni Afrika iliyoonyesha mzigo mkubwa wa mirija iliyoharibiwa na maambukizi. Leo tunafungua kliniki za kupandikiza kwa mamilioni ya shilingi, na kipimo cha klamidia bado ni adimu kituoni.

Basi omba picha ya mirija, na baba Aisha apimwe vilevile. Mtoto wa miaka 8 ni ushahidi wa mbegu za miaka 9 iliyopita.

Nina miaka 41, kazi yangu bado inapanda. Kama yule mama wa miaka 70 alijifungua pacha Kampala mwaka 2023, mimi naweza kusubiri kidogo?

Hapana. Yule alitumia mayai ya mwanamke mwingine, na magazeti yaliliweka hilo chini kabisa ya habari. Mfuko wa uzazi husubiri, mayai hayasubiri. Kwa takwimu za Uingereza, kiinitete kilichopandikizwa cha mwanamke aliye chini ya 35 huleta mtoto karibu mara moja katika tatu. Katika miaka 43 na 44 ni kama mara 5 katika 100. Nenda mwezi huu.

Ni kweli watafiti wanachukua damu na mayai yetu kuyauza Ulaya?

Utafiti halali hapa Uganda hupita kwanza kwenye kamati ya maadili, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na sampuli haivuki mpaka bila makubaliano ya maandishi. Karatasi ya idhini isomwe kwa lugha unayoielewa, iwe na namba ya simu ya kamati, si ya mtafiti peke yake, na uruhusiwe kujitoa bila kunyimwa matibabu. Ikikosa kimoja, usitie sahihi.

Ninaowaogopa zaidi ni madalali wanaowafuata wasichana wa vyuo wakitaka mayai. Hao si watafiti. Zile sindano zinaweza kuvimbisha ovari na kujaza maji tumboni, na dalali hatakuwepo usiku huo. Muswada wa kusimamia uzazi wa kusaidiwa kitaalamu ambao Mbunge Sarah Opendi aliupeleka bungeni 2023 ulikuja kwa sababu biashara hii imetangulia sheria.

Picha ya mirija inauma?

Inabana kama hedhi kali kwa dakika chache. Ifanywe hedhi ikishakatika na kabla yai halijatoka, na umeze dawa ya maumivu saa moja kabla. Mume akae nje, na kikopo chake mkononi.